Kuhamishia mifumo kwenye wingu: mwongozo kamili wa usalama na matakwa ya sheria kwa taasisi za Afrika Mashariki

Taasisi nyingi huhamia kwenye wingu, yaani mashine za kukodi kupitia intaneti, siku seva ya ofisini inapokufa. Betri ya UPS ilishachoka, diski imegoma, na fundi anasema kifaa cha kubadilisha lazima kiagizwe Dubai. Mkurugenzi anauliza wenzake wanafanyaje, anaambiwa wote wako kwenye klaudi, na baada ya wiki mbili mfumo wa wanachama, wagonjwa au wateja unaendeshwa na mashine iliyoko Johannesburg au Dublin. Kila mtu anafurahi kwa sababu sasa unafunguka hata kwenye simu.

Kisha anakuja mkaguzi, au barua kutoka kwa msimamizi wa sekta, na maswali huwa yaleyale matatu: data za watu ziko wapi, nani anashika funguo zake, na mnathibitisha vipi? Hapo ndipo wengi hukwama, hata wale ambao hawajawahi kudukuliwa. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili ukizimaliza uwe na majibu ya maswali hayo kwenye karatasi. Zimekusudiwa taasisi za ukubwa wa kati: SACCOS, hospitali binafsi, shule, kampuni ya utalii, kampuni ya mikopo. Benki na kampuni za simu zina idara nzima za kazi hii, na masharti mengine mengi juu yake.

Kabla ya kuanza: elewa mpaka wa majukumu

Ukikodi fremu Kariakoo, mwenye jengo anaweka mlinzi getini, jenereta na mitungi ya kuzimia moto. Kufuli ya shata ni yako, na ukimpa ufunguo kijana wa duka kisha ukasahau kuuchukua alipoacha kazi, huwezi kumdai mwenye jengo bidhaa zilizopotea. Amazon, Microsoft na Google, wakodishaji wakubwa wa wingu, wameliandika hilo wazi kwenye masharti yao. Wao wanalinda majengo, mashine na mtandao wa ndani. Wewe unalinda data zako, watumiaji wako na usanidi wako, yaani mipangilio ya mfumo.

Mpaka unasogea kulingana na unachokodi. Ukikodi mashine tupu, kusasisha mfumo endeshi ni kazi yako. Ukikodi programu iliyo tayari, kama barua pepe au mfumo wa uhasibu, kazi hiyo ni ya mtoa huduma, ila kuamua nani anaingia na anaona nini kunabaki kwako.

Benki ya Capital One ya Marekani ilijifunza hili mwaka 2019. Taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Canada zilichukuliwa kutoka kwenye hifadhi yake iliyokuwa Amazon. Faiawoli (kizuizi cha mtandao) ambayo benki yenyewe iliisanidi vibaya ilimruhusu mtu wa nje kuishawishi seva impe vitambulisho vya muda vya kuingilia mfumo, na vitambulisho hivyo vilikuwa na ruhusa ya kusoma mafaili mengi kuliko kazi ya seva ile ilivyohitaji. Agosti 2020 msimamizi wa mabenki wa Marekani alitoza faini ya dola milioni 80, na aliyetozwa ni Capital One.

Hatua ya 1: Andika daftari la data

Mali bila daftari hupotea bila habari, na data ni mali. Usianze na mifumo, anza na watu: tunashika taarifa za nani, zipi, na kwa nini? Kwa kila mfumo andika mstari mmoja. Mstari wa SACCOS unaweza kusomeka hivi:

*Mfumo wa mikopo. Majina, namba za NIDA, simu, hati za mshahara, picha za vitambulisho, taarifa za wadhamini. Wanachama hai na waliojitoa. Mwenye mfumo: meneja mikopo. Zilipo: seva ya ofisi, pamoja na nakala ya kila mwezi kwenye Google Drive ya mhasibu. Nyeti.*

Mstari huo umeshafichua jambo: Google Drive ya mhasibu. Taasisi ilikuwa kwenye wingu kabla bodi haijapiga kura. Endelea kutafuta maeneo ya namna hiyo: kundi la WhatsApp ambamo maafisa mikopo wanatumiana picha za vitambulisho, Excel ya kufunga mwezi inayosafiri kwa barua pepe, mfumo wa majaribio wa yule mtengeneza programu aliyepewa kanzidata halisi "ili ajaribu tu". Hilo la mwisho ni baya kuliko yote, kwa kuwa mfumo wa majaribio hauna mlinzi na data zake ni za kweli.

Wadhamini nao wasisahaulike. Hawakuomba mkopo, hawana akaunti kwako, lakini namba zao za vitambulisho unazo.

Ukimaliza, futa usichohitaji kabla ya kuhama. Kupandisha kwenye wingu taarifa za watu walioondoka miaka 15 iliyopita ni kulipia uhifadhi wa hatari.

Hatua ya 2: Jua sheria zinazokugusa

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria inamwita anayeamua taarifa zikusanywe kwa nini na vipi *mkusanyaji*, na anayezishughulikia kwa niaba yake *mchakataji*. Wewe ni mkusanyaji, na kampuni ya wingu ni mchakataji wako. Wote wanatakiwa kujisajili kwa Tume, na kanuni za mwaka 2023 zinamtaka anayetaka kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi aombe kibali. Kuhifadhi kwenye seva iliyoko Ireland ni kusafirisha nje ya nchi, hata kama hakuna mtu wa Ireland atakayezifungua.

Kuna jambo ambalo viongozi wengi wa SACCOS na kampuni za mikopo hawalijui: kwa sheria ya Tanzania, miamala ya fedha ya mtu binafsi imo kwenye orodha ya taarifa nyeti, pamoja na afya, taarifa za watoto na alama za vidole. Basi usiseme "sisi si hospitali". Kwa kampuni, faini ya kutoa taarifa kinyume cha sheria inaweza kufika shilingi bilioni 5.

Kenya ilitangulia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ofisi ya Kamishna wa Data imeshaonyesha kwamba haiogopi kutoza. Septemba 2023 ilitangaza faini tatu kwa mpigo: shule ya Roma shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, kampuni ya mikopo ya Mulla Pride shilingi 2,975,000, na klabu ya Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Ukomo wa faini ya kiutawala ni shilingi milioni 5 za Kenya au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, yoyote iliyo ndogo. Hakuna hata moja kati ya kesi hizo tatu iliyohitaji mdukuzi.

Sheria ya Kenya pia inadai tathmini ya athari kwa uchakataji ulio na hatari kubwa kwa haki za watu, na ripoti yake iwasilishwe siku 60 kabla ya kuanza. Weka siku hizo kwenye ratiba ya mradi tangu mwanzo. Muuzaji atakwambia kuhama ni kazi ya wikiendi moja. Mitambo, labda. Karatasi, hapana.

Ukiwa na matawi nje, Uganda ina sheria yake ya 2019, Rwanda sheria namba 058/2021 inayotaka kibali cha mamlaka kabla ya kuhifadhi data nje ya nchi, na Kongo ina Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023. Usidhani kibali cha nchi moja kinavuka mpaka.

Juu ya sheria hizo kuna wasimamizi wa sekta. Benki Kuu ya Kenya ina mwongozo wa kukasimu kazi kwa watoa huduma wa nje, na mwongozo wa usalama wa mtandao wa Agosti 2017 kwa mabenki, kisha wa Julai 2019 kwa watoa huduma za malipo. Kwa Tanzania, taasisi iliyo chini ya Benki Kuu (BoT) iiandikie BoT mapema na ipate jibu la maandishi kabla ya kusaini chochote. Jibu la mdomo la afisa mmoja kwenye semina halitakusaidia akihamishwa kitengo.

Na Ulaya je? Kampuni ya Arusha inayowauzia Wajerumani safari, ikiwa na tovuti ya Kijerumani na bei za euro, inaingia kwenye GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, ambayo faini yake inafika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima. Kwa kweli hakuna mkaguzi wa Berlin atakayeshuka KIA kesho. Sheria hiyo itakufikia kupitia wakala wako wa Munich, atakayekutumia dodoso la kurasa 20 na mkataba wa uchakataji, na usipojibu atapeleka wageni kwa mwingine.

Kadi za benki zina utaratibu wake wa usalama, unaoitwa PCI DSS. Ushauri wangu ni mfupi: usihifadhi namba za kadi kabisa, mwache mtoa huduma wa malipo azishike.

Hatua ya 3: Chagua mahali data zitakapokaa

Amazon ilifungua kanda, yaani kundi la vituo vya data, ya Cape Town mwaka 2020. Microsoft iko Afrika Kusini tangu 2019, na Google ilifungua Johannesburg mwanzoni mwa 2024. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi, zote hizo ni nje ya nchi, japo ni Afrika. Ndani ya nchi kuna vituo vya data vya kukodi, kikiwemo Kituo cha Taifa cha Data jijini Dar es Salaam, vituo vya Nairobi, na kile cha iColo Mombasa, mji ambako nyaya nyingi za baharini zinatua.

Sheria ya Kenya ina sharti ambalo linapitwa kirahisi. Kanuni za mwaka 2021 zinataja shughuli zenye maslahi ya kimkakati, zikiwemo usajili wa raia, uchaguzi, elimu ya msingi na huduma za afya za ngazi ya kwanza na ya pili. Anayezishughulikia achakate data kwenye seva iliyoko Kenya, au aweke angalau nakala moja hai ndani ya nchi. Hospitali ya Kisumu inaruhusiwa kutumia kanda ya Cape Town, mradi nakala inayoweza kufanya kazi ibaki Kenya. Nakala ya diski iliyofungiwa kabatini haitoshi.

Kama unadhani haya ni maneno ya karatasini, itazame MTN Rwanda. Mwaka 2017 msimamizi wa Rwanda, RURA, aliitoza faranga bilioni 7.03 kwa kuendesha mifumo yake ya TEHAMA kutoka kituo kilichoko Uganda, kinyume cha leseni. Kampuni ndugu, nchi jirani, na faini ikatoka.

Suala lingine la mahali ni waya. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikayumba kwa siku kadhaa. Taasisi ambayo mfumo wake wote uko kusini ilikuwa na data salama isiyofikika, na kwa mgonjwa aliye dirishani hiyo haina tofauti na data iliyopotea. Muulize mtoa huduma wako wa intaneti ana njia ngapi za kutoka nchini, na kama zote zinaelekea upande mmoja. Kisha andaa utaratibu wa kufanya kazi mtandao ukikatika: fomu za karatasi zilizochapwa tayari, na orodha fupi ya muhimu inayosomeka bila intaneti.

Hatua ya 4: Mkataba

Kampuni kubwa hazijadiliani nawe. Zina kiambatisho cha uchakataji wa data unachokikubali mtandaoni, basi kipakue, kisome, ukihifadhi kikiwa na tarehe. Pa kujadili ni kwa wakala wa hapa nyumbani anayekuuzia huduma zao, na huyo ndiye wa kumwangalia sana.

Muulize akaunti itakuwa kwa jina la nani. Mawakala wengi hufungua akaunti moja mama na kuwaweka wateja ndani yake. Siku mkigombana juu ya ankara, au yeye akifilisika, funguo za juu anazo yeye. Andikeni kwamba akaunti ni mali ya taasisi, kwamba wakala ana ruhusa za kufanya kazi tu, na kwamba ruhusa hizo zinaondolewa siku mkataba unapoisha.

Mambo mengine ya kuandika: data zitakaa kanda ipi na hazitahamishwa bila idhini ya maandishi, anawatumia wakandarasi gani wadogo, na akigundua uvujaji atakuarifu ndani ya saa ngapi. Kenya inampa mchakataji saa 48 kumwarifu mkusanyaji pale inapowezekana. Omba 24, kwa sababu utakazoziona hatua ya 8. Andikeni pia kwamba mkaguzi wako na msimamizi wa sekta wana haki ya kukagua, na namna data zitakavyorudishwa na kufutwa mkiachana.

Wengine huuliza kuhusu sheria ya Marekani ya CLOUD Act ya mwaka 2018, inayoziwezesha mahakama za huko kuiamuru kampuni ya Kimarekani itoe data hata zilizo nje ya Marekani. Hilo lipo, na wizara au chombo cha habari wana sababu ya kulipima. Kwa SACCOS ya Moshi, mfanyakazi aliyeacha kazi kwa hasira ni tishio kubwa zaidi.

Hatua ya 5: Akaunti kuu na funguo

Kama una siku moja tu ya kushughulikia mwongozo huu, itumie hapa.

Hali ya kawaida ni hii: akaunti ya wingu ilifunguliwa na kijana wa TEHAMA kwa Gmail yake binafsi. Namba ya kupokea ujumbe wa uthibitisho ni laini yake. Inalipiwa kwa Visa ya mkurugenzi. Kijana amepata kazi nyingine Nairobi. Kadi itaisha muda mwezi wa nne, barua za onyo zitakwenda kwenye Gmail ambayo haifunguliwi, na asubuhi moja mfumo hautawaka. Hakuna aliyeiba kitu, na taasisi haina pa kuingilia.

Rekebisha kwa mpangilio huu. Fungua anwani ya barua pepe ya taasisi, kwenye kikoa chenu, inayosomwa na watu wasiopungua wawili. Ihamishie akaunti kuu huko. Hakikisha hata jina la kikoa limesajiliwa kwa jina la taasisi, maana anayeshika kikoa anashika barua pepe, na anayeshika barua pepe anaweza kubadilisha nywila ya kila kitu. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu au ufunguo mdogo wa USB. SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini laini inaweza kurenyuliwa (kuhamishiwa kadi mpya) na tapeli kwa kitambulisho bandia, kama tulivyoona kwa pesa za simu. Nunua funguo za USB mbili: moja akae nayo mkuu wa TEHAMA, ya pili iwekwe kwenye bahasha iliyotiwa saini, ndani ya sefu ya mhasibu. Baada ya hapo akaunti kuu isitumike kwa kazi za kila siku. Kila mtu awe na akaunti yake, kwa jina lake.

Mwaka 2024 wateja wapatao 165 wa Snowflake, kampuni ya kuhifadhi data kwenye wingu, kampuni kubwa za dunia zikiwemo, waliarifiwa kwamba huenda data zao zimeguswa. Wavamizi waliingia kwa nywila zilizoibwa, kwenye akaunti ambazo hazikuwashwa hatua mbili. Zilikuwapo nywila zilizokuwa zimevuja miaka kadhaa nyuma na hazijabadilishwa.

Kuna pia funguo za programu, zile herufi ndefu ambazo mfumo mmoja hutumia kuingia kwenye mwingine. Mtengeneza programu huzibandika ndani ya msimbo ili kazi iende, kisha anaupandisha msimbo GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, mahali pa wazi. Zipo roboti zinazotafuta funguo hizo usiku na mchana. Kwa kawaida wavamizi wakizipata huanza kwa kuwasha mashine nyingi za kuchimba sarafu za kidijitali kwa gharama yako, kwa hiyo weka tahadhari ya bili. Bili iliyopanda ghafla mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya uvamizi, na mhasibu huiona kabla ya fundi.

Hatua ya 6: Nani anaona nini

Mpe kila mtu ruhusa ya kazi yake na isizidi. Afisa wa dirishani asome rekodi ya mwanachama mmoja mmoja, asiweze kupakua orodha nzima. Mtengeneza programu asiguse kanzidata halisi. Kila robo mwaka chapisha orodha ya watumiaji, ipeleke kwa wakuu wa idara, wakate majina ya walioondoka, wasaini. Karatasi hiyo ni ushahidi, itunze.

Kagua maghala ya mafaili, yaani mabaketi. Tangu Aprili 2023 Amazon inazuia watu wa nje kwa kila baketi jipya bila wewe kufanya lolote, na tangu Januari mwaka huohuo kila kinachoingizwa upya kinasimbwa, yaani kinafichwa kisisomeke bila ufunguo. Mabaketi ya zamani yalibaki na ruhusa yalizokuwa nazo, basi yatazame moja moja. Kwenye Google Drive tafuta mafaili yaliyoshirikiwa na mtu yeyote aliye na kiungo. Utashangaa.

Hatua ya 7: Nakala rudufu

Kuwa kwenye wingu si sawa na kuwa na bekapu. Juni 2014 mvamizi aliingia kwenye paneli ya Amazon ya kampuni iliyoitwa Code Spaces, akadai pesa, na walipojaribu kumfungia nje akaanza kufuta. Bekapu zilikuwa chini ya akaunti hiyohiyo, na kampuni ikafungwa. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha OVHcloud, kampuni ya wingu ya Ufaransa, kiliungua Strasbourg, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba bekapu zao zilikuwa palepale. Mei 2024 kosa la usanidi upande wa Google Cloud lilifuta mazingira ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya laki 6. Huduma ilirudi baada ya siku kadhaa, na miongoni mwa vilivyosaidia ni nakala walizoweka kwa mtoa huduma mwingine.

Basi weka nakala tatu: moja inayofanya kazi, moja kwenye akaunti tofauti yenye funguo tofauti na kipengele cha kuzuia kufutwa kwa muda maalumu, na moja kwa mtoa huduma mwingine au ndani ya nchi. Taasisi ya Kenya iliyotajwa hatua ya 3 itaona kwamba nakala hai ya Kenya inaweza kujibu matakwa mawili kwa gharama moja.

Bekapu isiyowahi kurejeshwa ni matumaini tu. Mara mbili kwa mwaka irejeshe kwenye mashine tupu, hesabu imechukua saa ngapi, andika.

Hatua ya 8: Kumbukumbu za mfumo na saa 72

Logi za matukio Amazon huzionyesha kwa siku 90 tu usipoziagiza zihifadhiwe. Kwenye huduma ya utambulisho ya Microsoft, toleo la bure hutunza siku 7. Uvamizi ukigundulika baada ya miezi mitano, hutaweza kusema nani aliingia wala alichukua nini, na utalazimika kuwaarifu wote kana kwamba zimechukuliwa zote. Peleka logi kwenye akaunti ya pembeni, zikae mwaka mmoja au zaidi. Zina gharama, ziweke kwenye bajeti.

Sasa fanyeni zoezi. Ijumaa saa 11 jioni tahadhari inalia: akaunti ya afisa mmoja imepakua gigabaiti 40, naye yuko msibani Tanga. Kenya inampa mkusanyaji saa 72 tangu ajue, kumwarifu Kamishna pale penye hatari halisi ya madhara, na ukichelewa lazima ueleze sababu. Saa hizo hazijali Jumamosi wala Jumapili, zinaisha Jumatatu saa 11 jioni. Sheria ya Tanzania inataka Tume iarifiwe bila kuchelewa, basi tumia kipimo hichohicho.

Nani anafunga akaunti ile usiku huo, na ana ufunguo? Nani anampigia mwanasheria? Nani ana idhini ya kusaini taarifa kama mkurugenzi yuko ndegeni? Ni marufuku kufuta seva "ili kusafisha", ichukuliwe nakala yake kamili kwanza. Taarifa ya awali haihitaji majibu yote: kilichotokea, lini, aina ya data, makadirio ya watu, mlichofanya. Iwe na fomu iliyojazwa nusu tayari. Na andaeni ujumbe wa SMS kwa wanachama kwa Kiswahili cha kawaida, maana mwanachama anataka kujua jambo moja, pesa yake ipo au haipo.

Hatua ya 9: Jalada la mkaguzi

Muuzaji atakuonyesha vyeti vya ISO 27001 na ripoti za SOC 2, yaani uthibitisho wa wakaguzi huru juu ya usalama wake. Ni vizuri, vipakue kwenye tovuti za mtoa huduma na utazame vinahusu huduma na kanda unayotumia. Lakini vinathibitisha upande wake wa mpaka. Jalada lako liwe na daftari la data, cheti cha usajili, kibali cha kusafirisha data, mkataba, tathmini ya athari, orodha za watumiaji zilizosainiwa, matokeo ya kurejesha bekapu na kumbukumbu ya zoezi la Ijumaa. Mpe mtu mmoja kulitunza, na asiwe mkuu wa TEHAMA, kwa sababu huwezi kujikagua mwenyewe.

Hatua ya 10: Njia ya kutoka

Bei itapanda, sheria itabadilika, au mtoa huduma atafunga bidhaa unayoitegemea. Kabla ya kusaini, muombe akuonyeshe data zinavyotolewa zote, kwa muundo gani, na kutoa gigabaiti moja ni shilingi ngapi. Kuingiza data kwa kawaida ni bure, kuzitoa kunalipiwa. Ukipewa PDF za taarifa za wanachama badala ya kanzidata inayosomeka na mfumo mwingine, usisaini. Mkishaanza kazi, kila mwaka toeni nakala nzima, ifungueni kwenye kompyuta isiyo na uhusiano wowote na mtoa huduma, mhesabu kama idadi ya wanachama inalingana na ya kwenye mfumo.